Sakafu hadi Goti

Kiwangwa,
19 Januari 2025

Babu Mwinshehe,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Sisi huku ni wazima. Baba anapalilia mananasi ya shamba la juu. Mama Ashura anakusalimu, na mimi pia. Nimeanza kidato cha kwanza Jumatatu iliyopita. Sketi ya shule ni ya kijani. Mama Ashura ameikunja pindo mara mbili ili inifae hadi kidato cha tatu, kwa hiyo natembea kama nimevaa pazia.

Nakuandikia kwa sababu simu huisikii. Mara ile Majaliwa alipokupigia nikazungumza nawe, uliniambia "na wewe pia" mara nne, na mimi nilikuwa nakuuliza umekula nini. Mashine ya randa imekuharibu masikio. Majaliwa anasema lori lake la mananasi linafika soko la Bagamoyo kila wiki, na kutoka pale hadi kwako Dunda ni hatua chache, ataleta barua na atachukua majibu.

Baba anajua kwamba naandika. Siku ya arobaini ya mama aliyenizaa alisema mguu wake hautakanyaga tena nyumbani kwako, wala wangu. Alisema mguu, hakusema kalamu. Nilimuuliza, akasema, "Andika."

Sasa jambo lenyewe. Shuleni kuna klabu ya mazingira, na mwezi wa Juni tutapiga kambi siku tano karibu na Winde, tuhesabu ndege wa ufukweni na miche ya mikoko. Mchango ni shilingi elfu sitini. Halafu kuna orodha ya vitu. Namba saba inasema: kiti chepesi cha kukunja, kisichozidi kilo moja na nusu. Gari litatuacha barabarani, kilomita nane tutatembea, kila mtu na mzigo wake. Tukifika tutakaa saa nyingi kwenye matope tukihesabu, na Mwalimu Ridhiwani hataki mtu akae chini.

Nimeuliza bei. Kiti cha mabomba ya chuma ni elfu ishirini na tano, lakini kina kilo tatu. Stuli ya plastiki ni nyepesi ila haikunjwi. Mwalimu anasema nitaonekana nimebeba tenga la kuku. Kile kizuri ni cha aluminiamu na kitambaa, kinatoka Dar, elfu themanini na tano. Mwalimu anacho, alituruhusu kila mmoja akikalie dakika moja. Wewe ni fundi. Ninunue kipi?

Mjukuu wako,
Adila Yunus


Dunda, Bagamoyo,
2 Februari 2025

Adila,

Waalaykum salaam, marahaba. Barua yako niliipata Alhamisi ikiwa na doa la nanasi upande mmoja. Mimi ni mzima. Bati la jikoni limetoboka, nimeliziba kwa lami. Hafidha wa jirani, yule wa vitumbua, amepandisha bei na kupunguza kitumbua siku moja. Nilimwambia achague dhambi moja. Anakusalimu.

Kuhusu sketi, mshukuru mama yako Ashura. Pindo mara mbili ni akili.

Kuhusu kiti. Cha mabomba ya chuma achana nacho. Cha aluminiamu nakijua. Mzungu mmoja aliniletea chake nikitengeneze. Kitambaa kinashikwa na mshono mmoja, na miguu yake ni myembamba kama penseli. Kwenye matope ya mikoko, miguu ya namna hiyo inazama mpaka unakaa chini, na chini ndipo mwalimu wako asipopataka. Utakuwa umelipa elfu themanini na tano kukaa matopeni.

Watu wanazunguka madukani wakitafuta kiti cha kukunja, na kila jiko la pwani lina kiti cha kukunja. Kina meno tu kwa mbele. Angalia kibao cha mbuzi cha Mama Ashura siku atakapokuna nazi. Ni mbao mbili, moja imepita ndani ya nyingine. Ukikifungua, miguu inakaa chini kwa upana, haizami. Ukikifunga kinakuwa bapa, unakifunga kamba mgongoni. Ondoa shingo na chuma cha kukunia, ongeza kimo, basi.

Cha marehemu bibi yako Mwanajuma nilikipima jana kwenye mizani ya dukani: kilo mbili na gramu mia moja. Nilikitengeneza kwa mninga mwaka niliomuoa, maana wakati ule sikujua kwamba mwanamke naye hubeba vitu. Chako kitakuwa cha mti mwepesi.

Nitumie kipimo. Simama bila viatu, mtu mwingine akupime kwa uzi, kutoka sakafuni hadi kunjo la goti kwa nyuma. Usikisie. Mara ya mwisho nilipokuona ulikuwa unanifika kifuani, na hiyo ni miaka miwili.

Pesa ya mchango sitakutumia. Siyo kwamba sina. Kambi ni yako, itafute.

Babu yako,
Mwinshehe


Kiwangwa,
16 Februari 2025

Babu,

Shikamoo, na salamu zifike kwa Bi Hafidha pia. Mwambie huku kitumbua bado ni kikubwa. Baba aliumwa mgongo siku tatu, sasa amepona. Mvua za vuli zilituangusha, lakini mananasi yameshika.

Uzi nimeufunga ndani ya karatasi hii. Ni uzi wa kushonea magunia. Mama Ashura alinipima, mimi nimesimama ukutani. Nimeweka alama ya wino wa buluu pale goti lilipofika, kisha nikaacha kipande kidogo kibaki mbele ili uzi usifumuke. Kipimo kinaishia kwenye wino, siyo mwisho wa uzi.

Pesa nimeanza kuitafuta. Mama Ashura ananipa mananasi madogo ambayo wanunuzi wa Dar wanayakataa. Nayamenya, nayakata, nayatia kwenye mifuko, na nikitoka shule nauza kituoni mabasi yanaposimama. Mfuko mia tano. Siku ya kwanza niliuza mifuko mitatu. Kondakta mmoja akanifokea mbele ya watu: "Dada, nanasi bila chumvi na pilipili ni dawa ya nini?" Watu wakacheka, nikarudi nyumbani nimenuna. Kesho yake nikaja na chumvi na pilipili ya unga kwenye kikopo. Niliuza kumi na tisa. Yule kondakta nilimuuzia kwa mia sita. Aliposema mwenzake amelipa mia tano, nikamwambia ile mia ni ya chumvi na pilipili aliyoidai.

Nina elfu kumi na nne.

Nimemuuliza Mwalimu Ridhiwani njia tutakayopita. Anasema basi litatoka hapa, litapita Fukayosi, likifika Makurunge litakata kwenda upande wa Winde. Halifiki Bagamoyo mjini. Nilimuuliza mara mbili.

Adila


Dunda,
23 Machi 2025

Adila,

Marahaba. Ramadhani njema kwenu nyote. Nafunga bila shida. Uzi ulifika salama. Nimechelewa kujibu kwa sababu lori la Majaliwa lilikuwa gereji.

Usishangae maandishi makubwa. Kalamu hii ni nene.

Kiti cha kwanza nilikitengeneza kwa msufi, kwa kuwa hakuna mti mwepesi kuushinda. Gramu mia saba. Nilifurahi nikamwita Hafidha akijaribu. Hafidha ana kilo tisini na mbili na hapendi jambo hili liandikwe. Alikaa, akasema "Kizuri," kikapasuka katikati akiwa bado anakisifu. Alikaa pale chini akanitazama. Futari ya siku ile hakuniletea uji.

Msufi basi. Cha pili nimekianza kwa mfenesi. Ni mwepesi kuliko mninga, hauliwi ovyo na wadudu, na hauogopi maji. Tatizo la mfenesi ni nyuzi zake, zinazunguka. Ukipiga randa kinyume zinanyanyuka. Inabidi kwenda polepole. Zamani kiti kama hiki nilikimaliza baina ya adhuhuri na alasiri. Sasa naenda polepole.

Habari ya kondakta nilimsomea Hafidha. Amecheka. Anasema wewe ni mjukuu wa Mwanajuma, siyo wangu, maana mimi maisha yangu yote sikuweza kumpandishia mtu bei.

Soma. Saidia nyumbani.

Mwinshehe


Kiwangwa,
5 Aprili 2025

Babu,

Shikamoo, na Idd Mubarak ingawa imepita. Tulichinja jogoo. Baba alininunulia viatu vya wazi, namba thelathini na nane. Muuzaji alileta thelathini na sita, mguu ukakataa.

Ramadhani biashara ya mchana ilikufa, nikabadili saa. Nilianza kuuza saa kumi na moja jioni kwa wanaorudi kufuturu, mifuko mikubwa ya elfu moja. Nimefika elfu arobaini na moja na mia tano.

Babu, sasa nakuuliza mambo mawili na usinijibu kwa habari za msufi.

La kwanza. Majaliwa anasema lori lake halijaingia gereji tangu mwaka jana. Anasema alikuja kwako mara tatu kuuliza jibu, ukamwambia bado. Na kalamu nene ninaijua, tunaitumia kuandika mabango. Barua yako ilikuwa na mistari minane kwa kila ukurasa. Kuna nini?

La pili. Kwenye barua yangu ya uzi nilikuambia basi litakata Makurunge. Hukusema kitu. Nilifikiri utaelewa, kwa hiyo sasa nasema. Niliandika jina langu kwenye hii kambi kabla mwalimu hajamaliza kueleza ni ya nini. Alikuwa amesema tu "upande wa Bagamoyo." Ndege sikuwa nawajali, ingawa sasa nimeanza kuwapenda kidogo. Nilitaka kuja upande wako.

Mguu wangu hauruhusiwi kukanyaga kwako, na sitamvunjia baba neno lake. Lakini Makurunge siyo kwako. Ni njia panda tu, ni ya serikali. Unaweza kuja kusimama pale. Basi litapunguza mwendo, nitakupungia mkono dirishani.

Miaka miwili nimekuwa nikijaribu kukumbuka sura yako na naikosa, nakumbuka harufu ya gundi ya mbao tu.

Adila


Dunda,
27 Aprili 2025

Adila,

Marahaba. Sisi ni wazima. Anayeandika ni Hafidha, mimi nasema yeye anaandika, kwa kuwa mkono umechoka kwa randa. Hafidha anasema kwanza niandike kwamba kilo zake ni themanini na tisa. Nimeandika.

Kiti anakuletea Majaliwa pamoja na barua hii. Kina kilo moja na gramu mia tatu hamsini. Nimekipaka mafuta ya nazi mara tatu. Kikilowa, kikaushe kivulini, usikianike juani. Kamba ya begani ni ya katani, ukitaka ilainike ifue. Hafidha amekikalia, kwa hiyo wewe kitakubeba.

Jambo lako la kwanza. Hakuna kitu.

Jambo lako la pili. Hapana. Baba yako aliweka neno mbele ya watu, na aliliweka kwa sababu yangu. Unajua nilichosema siku ile, ulikuwepo, umekaa mlangoni na kikombe cha chai. Nilisema, "Ungemleta binti yangu hospitali Jumanne, leo tungekuwa tunamuuguza, siyo tunamsomea hitima." Mtu aliyefiwa na mkewe nilimwambia hivyo mbele ya wakwe na majirani. Sasa nimzunguke kwenye njia panda, nimchukue binti yake dirishani kama mwizi wa kuku? Akisikia atasema mzee yule hajabadilika. Sitakuja Makurunge.

Nenda kambini. Hesabu ndege vizuri. Ukirudi uniandikie walikuwa wangapi.

Harufu ya gundi siku hizi haipo tena. Natumia misumari ya mbao.

Mwinshehe


Kiwangwa,
25 Mei 2025

Babu,

Shikamoo. Shikamoo Bi Hafidha, najua unasoma wewe. Sote wazima. Mama Ashura amepata soko la viazi vitamu Fukayosi. Pesa yangu imetimia: elfu sitini na tatu. Mchango nimeulipa Ijumaa na nina risiti, elfu tatu zilizobaki ni za betri za tochi.

Kiti ni kizuri. Darasa zima wamekikalia. Mwalimu Ridhiwani alikigeuza, akakikunja, akakikunjua, akauliza kinauzwa wapi. Nikamwambia hakiuzwi. Mwenyezi Mungu akulipe.

Lakini kiti ni kirefu. Nikikaa, visigino vyangu haviko chini, vinaning'inia. Nilidhani Mama Ashura alinipima vibaya. Nikakata uzi mwingine tukapima tena. Halafu nikapima kiti. Nikalinganisha. Kiti kimezidi kwa kidole kimoja, upana wa kidole cha shahada, na hicho ndicho kipande nilichokiacha baada ya wino.

Ulipima uzi wote, babu. Hukuuona wino.

Ni wino wa buluu kwenye uzi mweupe. Mimi nilikuona ukigundua ufa kwenye ubao ambao wanunuzi walikuwa wameukagua wakaukubali. Fundi wa miaka arobaini hapitwi na alama. Ndiyo maana lori lilikuwa gereji. Ndiyo maana mistari minane, na ndiyo maana mkono umechoka lakini mkono huo huo ulichonga kiti. Na kwenye barua yangu niliandika wazi kwamba kipimo kinaishia kwenye wino, nawe ya kondakta uliyapata kwa shida, hilo likakupita, wala hukumwambia Bi Hafidha akusomee. Tangu lini?

Kiti sitakikata.

Jana nilimwonyesha baba. Nilitandaza uzi mezani, nikaweka kiti pembeni, nikamweleza kama ninavyokueleza wewe. Alipima mwenyewe kwa kidole chake. Akapima tena. Sikumwomba kitu. Alitoka akaenda kuosha pikipiki, na ilikuwa safi.

Basi litaondoka Jumatatu tarehe 16 Juni. Tutafika Makurunge kama saa nne asubuhi. Nakuambia saa tu.

Adila


Kiwangwa,
8 Juni 2025

Babu,

Shikamoo. Idd tumeila salama, alhamdulillah.

Sijapata jibu. Majaliwa anasema barua alimpa Bi Hafidha mkononi, na yeye alikusomea yote mlangoni, na wewe uliinuka ukaingia ndani. Ikiwa nimekosa adabu, nisamehe. Ikiwa sikukosa, nijibu.

Nimefungasha. Kiti kinakaa juu ya shuka, nimekifunga kwa ile kamba ya katani. Nimeifua, imelainika.

Adila


Dunda,
20 Juni 2025

Adila, mjukuu wangu,

Marahaba. Barua hii itakukuta umerudi kutoka kambini. Nyumbani ni salama, bati halivuji. Anaandika Hafidha. Nimemwambia asiongeze wala asipunguze, na akifika mahali pa kulia aweke kalamu chini kwanza, asinilowanishie karatasi.

Ulikuwa na dakika tano pale Makurunge na hukupata nafasi ya kuuliza nilifikaje. Nakueleza kwa utaratibu.

Jumapili tarehe 15, baada ya alasiri, nilikuwa uani napiga msasa. Kumbe baba yako alikuwa nje, mbele ya nyumba, amekaa juu ya pikipiki, anapiga honi. Alipiga honi robo saa, Adila. Kwa mtu kiziwi. Kushuka aje mlangoni hakutaka, neno lake liko palepale. Watoto wa mtaa wakakusanyika wakidhani anauza samaki. Mwishowe Hafidha akatoka kwake na mwiko mkononi kumtukana mpiga honi, akaona ni Yunus. Akaja akanivuta shati.

Nilitoka. Niliona pikipiki na mtu, sura sikuiona. Yunus alimwambia Hafidha kwa sauti ili na mimi nisikie: "Mwambie mzee kesho saa mbili awe hapa nje. Nitakuja kumchukua." Akawasha akaenda kulala kwa rafiki yake mtaa wa pili. Hakukanyaga hata kizingiti.

Jumatatu saa mbili nilikuwa nje. Nilibeba kiti changu, maana nilipotengeneza chako nilitengeneza viwili vya kipimo kimoja. Hafidha alinipandisha nyuma ya pikipiki kama gunia. Njiani mtu hasikii kitu kwa upepo, na mimi sisikii hata bila upepo. Kwa hiyo palikuwa mahali pazuri pa kusema. Nilimsemea mgongoni. Nilimwambia, "Ile Jumanne, njia ya shambani kwako ilikuwa imekatwa na mvua. Nilijua. Majaliwa alikuwa amenieleza kabla ya mazishi. Nilijua na bado nilisema yale." Sijui alijibu nini, au kama alijibu. Alipunguza mwendo kidogo, kisha akaendelea.

Makurunge alinishusha, akanifungulia kiti, akanikalisha upande wa kivulini, akaenda kusimama hatua ishirini na pikipiki yake. Yalipita mabasi matatu. Kila moja nilisimama, kila moja nikakaa.

La nne likasimama. Baadaye baba yako alimweleza Hafidha kwamba mwalimu wako ndiye aliyemwamuru dereva. Aliona kiti. Alisema, "Yule mzee amekalia kiti cha Adila."

Sikukuona ukishuka. Niliona kijani kinakuja kwa kasi, nikajua ni ile sketi. Kisha ukanishika mikono na vidole vyako vilikuwa vinanuka nanasi. Uliniambia maneno mengi na sikusikia hata moja, kwa hiyo itabidi uyaandike. Nilifanya ninaloliweza. Nilikukalisha kwenye kiti, nikapima kwa mkono, sakafu hadi goti. Hapakuwa na sakafu, palikuwa na vumbi, lakini kipimo ni kilekile. Kisigino bado kinaning'inia, kidole kasoro kidogo. Hicho kidogo umeshakimaliza kwa kukua tangu Mei. Zamani ulinifika kifuani, sasa ni kidevuni.

Kuhusu macho: ni mtoto wa jicho, yote mawili, la kushoto zaidi. Ni tangu mwaka jana mwezi wa tisa. Sikusema kwa sababu fundi asiyeona ni mzee tu, na sikutaka uwe unamwandikia mzee tu. Umeniuliza, nimekujibu.

Baba yako aliponirudisha hakuzima pikipiki. Alimwambia Hafidha, "Jumatano ijayo nampeleka hospitali. Awe nje saa moja." Akaondoka. Kwa hiyo kila akija huku itakuwa hivyo, yeye juu ya pikipiki na mimi nimesimama ukutani, na jua la Dunda unalijua.

Sasa nina kazi kwako. Nina ubao wa mfenesi uliobaki, unatosha kiti kimoja. Mpime baba yako, bila viatu, sakafu hadi kunjo la goti. Mwambie hicho kiti kitakaa nje, chini ya dirisha, upande wa barabara. Nje siyo ndani, hatakuwa amekanyaga. Chai Hafidha ataipitisha dirishani.

Na uzi safari hii ufunge fundo. Fundo nitalipapasa, wino siuoni.

Walikuwa wangapi, wale ndege?

Babu yako,
Mwinshehe